Kitanda cha Mtoto Mchanga na Masharti ya Usalama Wake

Miongoni mwa maandalizi yote yafanywayo na watu wa nyumba inayongojea mtoto, hapana linalotendwa kwa furaha nyingi na kufikiriwa kwa uchache kama kitanda atakacholazwa. Huchaguliwa kwa rangi yake, hupambwa kwa mito na mablanketi ya hidaya, huwekwa upande wa chumba unaopendeza macho ya wageni. Na ni nadra mtu kuuliza swali lililo kubwa kupita hayo yote, nalo ni hili: je, kiumbe asiyeweza bado kuinua kichwa chake, asiyeweza kuondoa nguo iliyomfunika pua, wala kupiga ukelele pumzi zinapombana, atasalimika humo katika zile saa ambazo wazazi wake nao wamelala? Mtoto wa miezi ya kwanza hulala zaidi ya nusu ya saa za usiku na mchana, hivi kwamba kitandani ndiko akaako muda mrefu kuliko pengine popote, na takriban ndiko pekee anakoachwa bila mkono wa mtu juu yake. Kwa hiyo yafaa suala hili litazamwe kwa ukamilifu wake: hatari zenyewe na sababu zake, kiunzi cha kitanda, godoro na matandiko, chandarua, chumba, na mwisho hali ya wale wasio na uwezo wa kununua kitanda chochote. Hukumu tutakayoitetea, ambayo twaitaja mapema ili msomaji aipime katika kila hatua, ni kwamba usalama wa mtoto kitandani hupatikana kwa kuondoa zaidi kuliko kwa kuongeza. Kwamba kitanda kigumu, bapa na kitupu, hata kiwe cha bei hafifu namna gani, humhifadhi mtoto kuliko kitanda laini kilichosheheni mapambo ya fahari.

Tuanze na hatari zenyewe. Nchini Marekani, ambako vifo vya namna hii huandikwa na kuchunguzwa kwa makini, watoto wachanga wapatao 3,500 hufa ghafla kila mwaka wakiwa usingizini. Baadhi yao huonekana dhahiri kuwa wamezibwa pumzi na matandiko, au wamebanwa baina ya godoro na ubavu wa kitanda, au wamelaliwa na mtu mzima; wengine hawaonyeshi sababu yoyote hata baada ya maiti kuchunguzwa, na hao ndio ambao matabibu husema wamepatwa na kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Vifo hivi visivyo na sababu bayana hukithiri baina ya mwezi wa kwanza na wa nne, na tisa katika kila kumi hutokea kabla mtoto hajatimiza miezi sita. Uchunguzi wa miaka mingi umebainisha mambo mawili yatoshayo kumwongoza mzazi. La kwanza ni kwamba baadhi ya watoto huzaliwa na udhaifu katika sehemu ya ubongo inayotawala pumzi na kuamka, hata hewa inapowapungukia hawashtuki wala hawageuzi kichwa kama wafanyavyo wenzao; na kwa kuwa udhaifu huo hauonekani kwa macho, hapana mzazi awezaye kusema kwa yakini kwamba mwanawe hanao. La pili ni kwamba uso wa mtoto ukizama katika kitu laini, kiwe mto, blanketi au godoro lililobonyea, hewa aliyokwisha kuitoa hubaki imeizunguka pua yake, naye huivuta tena na tena, hewa chafu ikizidi na safi ikipungua, mpaka usingizi ukageuka mauti pasipo kelele wala kutapatapa. Takriban masharti yote yatakayofuata hapa yamezaliwa na mambo haya mawili.

Sharti la kwanza halihusu kitanda bali namna ya kulala, nalo ni kwamba mtoto alazwe chali katika kila usingizi, wa usiku na wa mchana, mpaka atimize mwaka mmoja. Historia ya sharti hili ni funzo kwa kila adhaniye kwamba shauri la mtaalamu haliwezi kukosea. Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilichotoka mwaka 1946 kiliuzwa kwa mamilioni ya nakala na kufasiriwa katika lugha nyingi, aliwashauri akina mama katika matoleo ya miaka ya 1950 wawalaze watoto kifudifudi, kwa hoja iliyoonekana kuwa ya akili, kwamba mtoto aliyelala chali akitapika atapaliwa na matapishi yake. Shauri hilo likaenea katika nchi nyingi, likapokewa na madaktari na wauguzi, na watoto wakawa wanafia vitandani bila mtu kulishuku lile lililofanywa kwa ajili ya kuwalinda. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza, walipozikusanya upya habari zote zilizokwisha kuandikwa, walionyesha kwamba dalili za hatari ya kulala kifudifudi zilikuwa zinatosha tangu mwaka 1970, na kwamba lau zingalikusanywa na kusikilizwa wakati ule, zaidi ya watoto 10,000 nchini Uingereza, na si chini ya 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, wangaliweza kuokoka.

Mageuzi yalipokuja, yalikuja kwa kishindo. Uholanzi na New Zealand zilitangulia kuwaonya wazazi. Uingereza ikafuata mwezi Desemba 1991, baada ya mtangazaji wa televisheni Anne Diamond kufiwa na mwanawe Sebastian mwaka huohuo na kuyageuza majonzi yake kuwa juhudi ya kuwanusuru watoto wa wenzake. Marekani nayo ikaanzisha kampeni yake mwaka 1994. Huko Marekani vifo vya ghafla visivyo na sababu bayana, ambavyo mwaka 1990 vilikuwa takriban 130 katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, vilishuka hata vikawa chini ya 40 katika kipindi kisichozidi miaka thelathini. Na izingatiwe kwamba badiliko kubwa kupita yote katika habari hiyo halikuhitaji dawa mpya wala chombo cha fedha nyingi: mtoto aligeuzwa, basi.

Hofu ya kupaliwa, ambayo mpaka leo huwakalia moyoni bibi na mashangazi wengi wa pwani na wa bara, ina jibu katika maumbile yenyewe ya mwili. Mtoto akilala chali, njia ya pumzi huwa juu na njia ya chakula huwa chini yake, kwa hiyo maziwa yanayorudi kutoka tumboni hayana budi kupanda juu ndipo yaingie katika njia ya pumzi, naye mtoto huwahi kuyameza au kuyakohoa. Akilala kifudifudi, mambo hupinduka, njia ya pumzi ikawa chini na maziwa yakakusanyika penye mlango wake. Kumlaza ubavu nako hakufai, maana ubavu si mahali pa kutulia, na mtoto hupinduka kwa urahisi akawa kifudifudi. Akifikia umri wa kujigeuza mwenyewe huku na huku, aachwe katika namna aliyoichagua, maadamu aliwekwa chali na kitanda chake ni kitupu. Ama kumlaza kifudifudi akiwa macho, mchana, mzazi akimtazama, ni jambo jema linaloikaza shingo na mabega yake. Kosa ni kumwacha hivyo usingizini.

Sasa tukitazame kitanda chenyewe. Kitanda cha mtoto kina mambo yaleyale ya kitanda cha mkubwa, yaani matendegu, mifumbati, vitakizo na chaga, lakini pande zake zote nne huinuliwa kwa fito ili asianguke. Na fito hizo, zilizowekwa kwa ajili ya kumkinga, ndizo zilizowaua watoto wengi zamani kwa sababu ya nafasi iliyoachwa baina yake. Kiwiliwili cha mtoto mchanga ni chembamba kuliko kichwa chake. Akijisukuma usiku miguu hutangulia, kiuno kikafuata, kifua kikapita, kisha kichwa kikanasa, naye akabaki ananing'inia kwa shingo. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya Marekani ya mwaka 1973 kwamba nafasi baina ya ufito na ufito isizidi inchi mbili na thumni tatu, yaani sentimita sita. Na viwango vya Ulaya navyo huweka mpaka wa karibu na huo, kuanzia sentimita nne na nusu hata sita na nusu. Asiye na futi mkononi achukue kopo la kawaida la soda: likipenya baina ya fito, kitanda hicho kikataliwe, hata kama ni cha mninga uliosuguliwa ukang'aa.

Vitakizo navyo vina hatari yake, hususan kwetu sisi ambao mafundi wa Lamu na Unguja wametuzoeza kupenda mbao zilizochongwa. Nakshi iliyochorwa juu ya ubao haimdhuru mtoto. Lakini nakshi iliyotobolewa, ikaacha matundu ya maua na nyota upande wa mchagoni, yaweza kukinasa kichwa au mkono sawasawa na fito zilizoachana. Kadhalika vichwa vya matendegu visitokeze juu ya ukingo, kwa sababu nguo ya mtoto aliyekwisha kujua kusimama huweza kunasa hapo ikamkaba koo. Ukingo wenyewe uwe juu ya kutosha: kanuni ya Marekani hutaka kadiri ya sentimita 66 kutoka kwenye chaga, inapokuwa imeshushwa mwisho, hata juu ya ubavu; na chaga ishushwe mara mtoto anapoanza kuketi au kujiinua kwa mikono. Atakapofikia kimo cha sentimita 90 hivi, kitanda hicho kimekwisha kazi yake, kwani tangu hapo atakipanda na kuanguka.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo ni lazima lielezwe kwa tafsili, maana athari yake yaweza kufika mpaka kwetu. Kwa muda mrefu katika karne iliyopita, vitanda vingi vya Ulaya na Marekani vilikuwa na ubavu mmoja wa kuteremshwa na kupandishwa, ili mama asipate taabu ya kuinama. Ubavu huo ulishikwa kwa vyuma na plastiki ambazo, kwa kutumika kila siku, zililegea na kuvunjika. Upande mmoja ukachomoka, pakawa na mwanya baina yake na godoro, na mtoto akaviringika humo akabanwa. Serikali ya Marekani ilihesabu watoto wasiopungua 32 waliokufa hivyo tangu mwaka 2000, na katika miaka michache tu vitanda zaidi ya milioni 11 vya namna mbalimbali vilitakiwa virudishwe kwa kasoro zake. Kisha tangu tarehe 28 Juni 2011 ikawa ni marufuku kutengeneza au kuuza huko kitanda chenye ubavu wa kuteremshwa. Lakini kitanda kilichokatazwa nchi moja hakipotei duniani: chaweza kutolewa sadaka, kuuzwa kwa bei ya mtumba, na kuvuka bahari pamoja na samani nyingine kuukuu. Basi amwonaye muuzaji wa mitumba akimsifia kitanda cha Ulaya ambacho ubavu wake hushuka na kupanda, ajue kwamba sifa hiyo ndiyo aibu yake. Na kitanda chochote kilichotumika, ambacho skrubu zake zimepotea, viungo vyake vinachezacheza, au kimefungwa kwa kamba mahali palipokatika, kisiingizwe chumbani mwa mtoto.

Badala yake, twaona kwamba mzazi wa Afrika Mashariki anayo fursa ambayo mwenzake wa ng'ambo aghalabu hana, nayo ni kukaa na fundi seremala uso kwa uso, iwe Keko Dar es Salaam, Gikomba Nairobi, au chini ya mwembe wa mtaani kwake, akamwagiza kitanda kwa vipimo. Amwambie fundi kwamba fito zisiachane zaidi ya sentimita sita; kwamba viungo vikazwe kwa skrubu au kwa bolti na nati, si kwa misumari ambayo hulegea; kwamba pande zote nne zisimame imara bila kushuka; kwamba mbao zipigwe randa na msasa mpaka pasibaki kibanzi; na kwamba godoro lijulikane vipimo vyake kwanza, ndipo kiunzi kikatwe kwa kulifuata. Kuhusu rangi, achague isiyo na madini ya risasi, au aiache mbao na sura yake ya asili, kwa sababu mtoto aotaye meno hutafuna ukingo wa kitanda, nayo risasi huharibu ubongo wake, wala Shirika la Afya Duniani halikutaja kiasi chochote chake kilicho salama kwa mtoto. Mwenye kitanda cha zamani kilichopakwa rangi asiyoijua asikipige msasa ndani ya nyumba, maana vumbi lake ni sumu vilevile.

Godoro ndilo moyo wa suala hili, na hapa ndipo mapenzi ya wazazi yanapopingana zaidi na usalama wa mtoto. Kila mzazi hutaka mwanawe alale pahali laini, kwa kuwa yeye mwenyewe hupumzika hivyo. Lakini mtoto mchanga hana maumivu ya mgongo ya kutulizwa, na mifupa yake haihitaji ulaini huo hata kidogo. Godoro lake liwe gumu na bapa, lirudi mahali pake mara mkono unapoondolewa, wala lisibaki na shimo kwa umbo la kichwa. Sponji nzito hufaa, na usumba wa nazi ulioshindiliwa vema hufaa pia. Ama godoro la usufi au la pamba lililokwisha kujikusanya mabonge na mabonde, lile lililorithiwa kutoka kwa kaka na dada, lisitumike, hata kama lina kumbukumbu za ukoo. Tena lijae kiunzi pande zote, pasipite vidole viwili baina yake na fito, na mwanya ukiwapo usizibwe kwa kanga zilizokunjwa, bali godoro libadilishwe. Unene wake usizidi sentimita 15, maana godoro nene hupunguza urefu wa ubavu. Juu yake patandikwe shuka moja iliyovutwa na kubana barabara chini ya pembe nne. Na kama mpira wa kuzuia mkojo watakikana, uwe ule mzito uliofungwa imara chini ya shuka, kamwe si mfuko mwepesi wa nailoni ambao huweza kupeperuka ukamganda mtoto usoni.

Baada ya hapo, kitandani asiwemo mwingine ila mtoto. Mto usiwemo, hata ule mdogo wa kutengeneza kichwa. Blanketi zito lisiwemo. Wanasesere wa manyoya wasiwemo. Na ile mito mirefu ya kuzungushia fito isiwemo kabisa. Habari ya mito hii yafaa izingatiwe kwa makini. Katika vitanda vya zamani, ambavyo fito zake ziliachana mno, iliwekwa ili kichwa cha mtoto kisipenye. Kanuni ya mwaka 1973 ilipoziba nafasi hizo, haja yake ilikwisha, lakini pambo likabaki, likauzwa kwa maua na nakshi kwa takriban miongo mitano zaidi, ilhali watoto walisukumiza nyuso zao ndani yake wakakosa hewa au wakanasa katika tepe zake. Na Marekani ikaja kuiharamisha kwa sheria iliyotiwa saini mwezi Mei 2022. Sheria hiyohiyo iliharamisha vitanda vya kuegemea vinavyozidi mwinuko wa nyuzi kumi, kwa sababu mtoto aliyelazwa juu ya mteremko huinamisha kidevu kifuani na kuibana njia yake ya pumzi, au hupinduka kwa wepesi asioweza kuurekebisha; vitanda vya aina moja peke yake, vipatavyo milioni 4.7, vilikuwa vimeondolewa sokoni mwaka 2019 baada ya vifo vya watoto zaidi ya thelathini. Kiti cha gari nacho, ambacho ni kinga kubwa safarini, si kitanda: mkifika, mtoto atolewe na kulazwa bapa. Na kama wazee wamependa afungwe hirizi au uzi wa dua, nia yao ni ya mapenzi na isidharauliwe, lakini heshima hiyo yaweza kutimizwa ukutani, mbali na kitanda, kwa kuwa uzi wowote shingoni mwa aliyelala waweza kuwa kitanzi.

Huenda mtu akauliza: bila ya blanketi, si atapata baridi? Jibu lahitilafiana kwa mahali. Katika joto la Tanga au Mombasa, hatari kubwa zaidi ni kuzidishiwa joto, ambalo nalo limethibitika kuandamana na vifo vya ghafla. Nguo moja nyepesi humtosha, na kofia ivuliwe anapolazwa ndani ya nyumba. Katika nyanda za baridi, kama vile Njombe na Limuru, avikwe nguo za tabaka mbili au tatu, au nguo ya kulalia iliyoshonwa mfano wa mfuko usiofika usoni, ili joto liwe mwilini mwake wala si katika kitu kinachoweza kupanda juu ya pua. Lakini jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kumpasha joto, kwa sababu hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, na huwaua wakubwa na wadogo pamoja kabla hawajatambua kitu.

Kuna chombo kimoja ambacho vitabu vya Ulaya na Marekani havikitaji sana, nacho kwetu ni cha faradhi: chandarua. Utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, na kutangazwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wa mwezi mmoja hata miezi 59 kwa asilimia 33, na kulazwa hospitali kwa malaria kali kwa asilimia 44. Basi katika nchi zetu, anayeandika juu ya kitanda kitupu akasahau chandarua amemkinga mtoto na hatari moja na kumwachia nyingine. Kanuni ni kwamba chandarua kisiwe ndani ya kitanda bali nje yake: kitundikwe juu, kishuke nje ya fito zote nne, kivutwe kikaze na kuchomekwa chini ya godoro au kufungwa penye matendegu, pasiwe na kipande kinacholegea ambacho mtoto aweza kukivuta kikamfunika, na kitanzi chake na kamba zake ziwe mbali na mikono yake. Kile chandarua kidogo cha mwavuli, kinachofunikwa juu ya mtoto aliyelala mkekani, ni kizuri kwa usingizi wa mchana, mradi chini yake pawe pagumu na mto usiwemo. Na chandarua kipya chenye dawa kianikwe kivulini siku moja kabla ya kutumika.

Chumba nacho ni sehemu ya kitanda. Kitanda kisisogezwe penye dirisha ambalo pazia au kamba zake zaweza kufikiwa, wala chini ya rafu, wala karibu na nyaya za umeme; moshi wa sigara usiingie humo hata siku moja, maana huzidisha hatari kwa kiasi kikubwa. Na kiwe chumbani mwa wazazi, karibu kiasi cha mama kuunyosha mkono akamfikia mwanawe, angalau kwa miezi sita ya kwanza. Hapa desturi zetu na utabibu wa leo zapatana: mwanamke wa pwani aliye ndani ya siku zake arobaini hakuachwa peke yake, bali somo wake, mama yake au mkunga alikuwa papo hapo, na mtoto hakutengwa katika chumba cha mbali. Penye kuhitilafiana ni kulala kitanda kimoja. Kunyonyesha kwenyewe ni kinga dhidi ya vifo vya ghafla, na mama anyonyeshaye usiku ana haki ya kuwa karibu na mwanawe. Lakini baada ya kunyonya, mtoto arudishwe mahali pake, na hasa asilale baina ya wazazi ikiwa mmoja wao amekunywa pombe, amevuta sigara au ametumia dawa ya usingizi, au ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Kusinzia naye juu ya kochi ni hatari kupita zote, kwa sababu huteleza katika mwanya wa kochi akakosa hewa.

Mwisho tuje kwa aliye na chumba kimoja na kitanda kimoja, ambaye huenda amesoma yote haya akaona si yake. Serikali ya Finland, wakati ambapo watoto wapatao 65 katika kila 1,000 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza mwaka, ilianza mwaka 1938 kuwapa akina mama maskini sanduku la nguo na vifaa vya mtoto, na tangu 1949 kila mama akawa na haki nalo alipokwenda kupimwa kabla ya kwisha mwezi wa nne wa mimba. Nalo sanduku lenyewe, la karatasi ngumu, lenye godoro dogo chini yake, likawa kitanda cha kwanza cha watoto wa nchi nzima. Si sanduku pekee lililomponya mtoto, maana lilimvuta pia mama kwenda kwa tabibu mapema. Lakini lilithibitisha kwamba kitanda salama hakihitaji mti wa thamani. Huko New Zealand, ambako watoto wa Wamaori waliendelea kufa usingizini kuliko wa jamii nyingine, hawakupewa tu amri ya kuacha kulala na wazazi wao, bali tangu mwaka 2006 hivi, Daktari David Tipene-Leach pamoja na wasusi wa jamii hiyo walieneza wahakura, kikapu bapa kilichosukwa kwa majani ya kwao, ambacho huwekwa juu ya kitanda cha wazazi, mtoto akapata mahali pake mwenyewe bila kutengwa nao.

Twaona kwamba funzo hilo latuhusu moja kwa moja sisi tulio na ukindu, na akina mama wasukao mikeka na vikapu toka Pemba hata Bagamoyo. Kikapu kipana cha ukindu chenye kitako bapa na kigumu, kuta fupi zilizosimama imara, na godoro jembamba lililojaa sawasawa, kikiwekwa sakafuni juu ya mkeka au kando ya mama, chaweza kutimiza masharti yote tuliyoyataja kwa gharama ndogo sana; kitakachohitajika ni kwamba kisibonyee katikati, kisiwe na mishikio inayoangukia ndani, na kiachwe mara mtoto anapoanza kujigeuza. Ususi wa namna hiyo wastahili kufundishwa katika vikundi vya akina mama na kukaguliwa na wakunga, na mashirika ya viwango ya nchi zetu yastahili kuwapa maseremala vipimo vya kitanda cha mtoto kwa Kiswahili chepesi, vikabandikwa karakanani. Kwani fundi hawezi kulaumiwa kwa kukosea kipimo ambacho hakuna aliyemwonyesha. Nazo kliniki, mahali ambapo kila mama hufika na kadi yake, zimpe habari hizi kabla ya kujifungua, wakati bado hajanunua kitu.

Na anayeuliza aanze wapi fedha zikiwa haba, twamjibu kwa mpangilio huu: kumlaza chali, ambako hakuna gharama yoyote, kisha chandarua chenye dawa, kisha godoro gumu lililojaa mahali pake, kisha kiunzi chenye fito zilizokaribiana na viungo visivyotikisika. Kikibaki kitu baada ya hayo, na kitumiwe kwa pambo apendalo, mradi pambo hilo liwe ukutani au nguoni, wala lisiingie pamoja na mtoto kitandani.